Katoni Mbili za Papa Grâce

Kilichomchosha Nicolas si sigara. Sigara alikuwa ameziacha siku hamsini na nne zilizopita, na mistari ya makaa kwenye mlango wa jiko ilikuwa shahidi. Kilichomchosha ni watu. Tangu aache, mtaa mzima ulikuwa umegeuka daktari. Mmoja anamwambia atafune makasu, zile kokwa chungu za kola, mwingine anywe maji ya ndimu kabla ya jua kutoka, wa tatu, ambaye mwenyewe anavuta, anamwambia ale asali kijiko kimoja kila hamu inapomshika. Asali! Kana kwamba asali inaokotwa kando ya maporomoko ya mto alikovua samaki. Makasu alikuwa ameyatafuna mpaka meno yakabadilika rangi na usingizi ukamkimbia, na hamu ilikuwa palepale, imekaa kooni, haina haraka.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaka yake mkubwa, Octave, na katikati yao karatasi ya mahari ya binti yake Grâce. Watu wa Yanonge, wakwe zao, wangefika Jumamosi na vitu vyote.

"Yaya, namba saba tuitoshe," Nicolas alimwambia mkubwa wake, akitaka ifutwe. "Piga tu ligne juu yake, inaisha."

Octave alivaa miwani, akasoma kwa sauti ingawa wote waliijua karatasi kwa moyo. "'Namba saba. Katoni mbili za sigareti, ile ya pakiti nyekundu, ya papa wa mutoto.' Nani alisema tuandike hivi?"

"Ni mimi."

"Batu ya Yanonge balisema bataleta pakiti moja. Nani alisimama mbele ya batu yote akasema pakiti moja ni matusi?"

"Ni mimi, yaya. Lakini ile wakati nilikuwa navuta."

"Bon. Na liste imesainiwa na pande mbili." Octave aliikunja karatasi taratibu, akairudisha mfukoni mwa shati. "Ukitosha kitu moja, bale batajua liste inapunguka. Leo sigareti, kesho mbuzi, kesho kutwa kitenge ya mama yake. Donc inabaki."

Germaine, mke wa Nicolas, alikuwa anachambua majani ya muhogo pembeni. Hakuinua kichwa. "Yaya anasema kweli. Balete tu. Tutauzisha."

"Na kuonja?" Nicolas aliuliza.

Katika ukoo wao kila kitu cha mahari huonjwa na baba wa binti mbele ya waliokileta. Chumvi ataigusa na ulimi, koti atalivaa, panga atakata nalo kitu. Asichokionja kimekataliwa, na akikataa kimoja amekataa vyote, mtu na mtoto wake warudi kila mmoja kwake.

"Utaonja kidogo," Germaine alisema.

"Kidogo ya sigareti iko namna gani, Germaine?"

Miaka ishirini mwanamke huyu alikuwa amelalamika juu ya moshi, amefua mashuka yaliyotobolewa na cheche, amelala na mgongo umeelekea ukutani. Sasa anasema kidogo. Nicolas alitamani kuipiga teke sahani ile ya majani. Badala yake alichukua likasu jingine, akaliuma kwa hasira, na uchungu wake ukamjaa mdomoni bila faida yoyote.

Kesho yake maporomoko yalikuwa na kelele kuliko siku zote. Walikuwa wanne juu ya mawe, wanafunga upya miti iliyolegezwa na maji, ile miti mirefu inayosimamishwa katikati ya mkondo ili mitego ining'inizwe. Kazi hiyo haina saa ya kupumzika. Kinachopumzisha ni sigara. Mmoja akiwasha, wengine wanawasha, wanachuchumaa, wanatazama maji, na mpaka moto ufike vidoleni hakuna wa kuwaambia neno. Hakuna aliyewahi kupitisha sheria hiyo, lakini ndiyo sheria.

Asumani, mwenzake wa miaka mingi, aliwasha. Nicolas naye akakaa juu ya jiwe.

"We unakaa juu ya nini?" Asumani aliuliza.

"Juu ya jiwe."

"Hapana, nauliza sababu. We haina likaya ya kuvuta. Shika kamba, tusiipoteze, sisi tumalize."

Wengine walicheka, si kwa ubaya. Nicolas alisimama akashika kamba. Alikuwa amefanya kazi juu ya mawe haya kabla wawili kati yao hawajazaliwa, na sasa anashika kamba kama mtoto anayeshikishwa mbuzi, huku moshi wao ukija na upepo usoni mwake moja kwa moja. Akaunusa, na akajichukia kwa kuunusa.

Lakini mti ule aliokuwa anashikilia kamba yake ndio uliomfanya aache. Mwezi wa tatu alikuwa ameupanda kama siku zote, na katikati pumzi ikamkatalia. Si kwamba alichoka. Kifua kilifunga tu, mkono ukaachia, akaanguka majini. Asumani ndiye aliyemdaka kwa nguo. Grâce alikuwa ukingoni akisubiri samaki wa kuuza, akaona kila kitu. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba akiendelea na sigara asahau miti. Grâce hakumpigia kelele. Alimwambia jambo moja tu: "Papa, mu Décembre, siku ya ndoa, nataka unipeleke kanisani na miguu yako. Sitaki bakubebe." Asubuhi iliyofuata Grâce akachora mstari wa kwanza kwenye mlango wa jiko, mmoja kwa kila siku bila sigara.

Nicolas alishika kamba mpaka sigara zao zikaisha. Zilichukua muda mrefu, au yeye aliona hivyo.

Jumamosi watu wa Yanonge walifika kabla ya saa sita, wamevaa vizuri, wameoga majini kabla ya kuingia mjini. Msemaji wao alikuwa Nephtali, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mwembamba mwenye sauti ya kusomesha shule. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanawake wa kwaya upande mmoja, majirani kila palipobaki nafasi. Grâce alikaa kwenye mkeka amefunikwa kitenge kichwani, kimya, maana bibi harusi hasemi siku hiyo mpaka aulizwe.

Octave alisoma, Nephtali akatoa, Nicolas akaonja. Mbuzi akamshika kamba. Chumvi akairamba. Koti la kijivu akalivaa, na lilimkaa vizuri hata wanawake wakapiga makofi. Panga akakata nalo mgomba pigo moja.

"Namba saba," Octave alisoma, na sauti ikapungua.

Bwana harusi mwenyewe, René, kijana mpole mwenye mabega mapana, ndiye aliyezileta. Alikuwa amezifunga kwa plastiki mara tatu zisipate unyevu wa mto. Nephtali akaeleza kwa majivuno kwamba Yanonge pakiti nyekundu ilikosekana, René akateremka mto kwa pirogi mpaka Barumbu, siku tatu, akazitafuta duka kwa duka. Watu wakamsifu. René akafungua katoni moja, akafungua pakiti moja, akamnyooshea Nicolas sigara kwa mikono miwili, kwa heshima kamili.

Nicolas aliitazama. Ilikuwa nyeupe na safi.

"Bokilo, asante sana," alimwambia mkwe wake Nephtali. "Mulijisumbua, tunaona. Lakini mi nilishaacha sigareti. Daktari alikataza. Yaya Octave ataonja kwa jina yangu."

Octave, mvutaji wa siku nyingi, mkono wake tayari ulikuwa njiani.

"Tusubiri kwanza," Nephtali alisema. Akaomba karatasi, akaisoma, akaishusha. "Hapa wanasema 'ya papa wa mutoto'. Octave ni papa mukubwa. Tunamuheshimu, lakini si yeye."

"Ni kitu moja tu, bokilo."

"Ndiyo, ni kitu moja. Mulituomba mbuzi, hatukuuliza. Koti, hatukuuliza. Hii ndiyo ile kitu mulisema mbele ya batu yote pakiti moja ni matusi. Leo tunaleta katoni mbili, munakatala. Alors tujue, bokilo. Ni sigareti munakatala, ao ni mutoto yetu?"

Mama mmoja wa Yanonge akaanza kukunja kitenge alichokuwa ametandika, taratibu, ili aonekane anakunja. René alibaki amenyoosha mikono na ile sigara, jasho likimtoka, hajui aishushe au aendelee kuishika.

Kisha wakaanza. Jirani wa kushoto: "Papa Grâce, vuta tu, iishe." Jirani wa kulia: "Moja haiue mutu." Mama Lucie wa kwaya, aliyemwekea mikono kichwani Jumapili mbili mfululizo na kukemea pepo la tumbaku mpaka jasho likamtoka, akainama akamnong'oneza: "Papa, Mungu anaona moyo. Vuta." Octave akamkanyaga mguu chini ya meza. Na mwisho Germaine, mbele ya watu wote, akapiga magoti.

"Mara moja, papa Grâce. Mara moja tu. Unataka mutoto abaki hapa na haya?"

Nicolas aliwatazama mmoja mmoja. Ndio haohao. Waliomletea ndimu ndio haohao, waliomletea asali ya maneno ndio haohao. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Akageuka kwa Grâce. Chini ya kitenge, bila kuinua uso, binti yake alitikisa kichwa mara moja. Hapana. Hakuna mwingine aliyeona.

Na wakwe walikuwa wanasubiri, na magoti ya mke wake yalikuwa kwenye udongo.

Akaichukua. René akawasha kiberiti cha gesi, briké kama wanavyokiita, nacho akakiacha mezani, maana kilikuja pamoja na zawadi. Nicolas akavuta.

Watu wakapiga vigelegele. Kama kuna sigara iliyowahi kupigiwa vigelegele mjini Kisangani, ndiyo hiyo. Nephtali akamkumbatia, Germaine akainuka akijifuta magoti, Octave akasoma namba nane. Wakamsahau palepale.

Kizunguzungu kilimpata kwanza. Kisha kitu kikalegea ndani, polepole, kama mtu anayevua viatu vilivyombana kutwa. Hicho ndicho kilichomtia aibu zaidi. Alikuwa ametumaini itakuwa chungu, na ilikuwa tamu. Akaivuta mpaka mwisho, ingawa kuonja kulikuwa kumekwisha tangu pumzi ya kwanza. Pakiti iliyofunguliwa ikaingia mfukoni mwa koti la kijivu, na briké ikafuata. Hakukumbuka kuamua hivyo. Mkono ulifanya tu.

Germaine alimkuta nyuma ya jiko saa tisa, watu wakiwa bado wanakula. Vipisi vitatu vilikuwa chini ya kiatu chake na cha nne kilikuwa mdomoni.

"Nilisema mara moja!"

"Na mi nilisema hapana," Nicolas alijibu. "Nilisema hapana mbele ya turubai nzima. Nani alinisikia?"

"Tungefanya nini? Ungeona ile mama anakunja kitenge?"

"Nilimuona. Na we nilikuona, umepiga magoti." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite, akavuta tena. "Siku hamsini na nane, Germaine. Unajua siku moja iko namna gani? Nilikuwa naamka na likaya kichwani, nalala na likaya kichwani. Nilishika kamba ya Asumani juu ya mawe kama bwege. Halafu munanipigia magoti nivute. Nimevuta, sasa munanipigia kelele nimevuta. Mi nifanye nini? Niambie, nifanye ile, iishe."

Machozi yalimjaa Germaine, lakini alikuwa na hasira mno kuyaachia. "Mutoto asikuone," alisema mwisho, akarudi kwa wageni.

Mtoto alikuwa ameshaona. Asubuhi ya Jumapili Nicolas alitoka na kumkuta Grâce mbele ya mlango wa jiko, amevaa nguo ya safari, kipande cha kaa mkononi.

"Papa, ya jana tunaiweka?"

"Weka. Ile ilikuwa ya desturi. Haihesabiwe."

Grâce alimtazama. Akasogea karibu, akanusa koti lake pale begani, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akitaka kujua baba ametoka wapi. Akarudisha kaa jikoni bila kuchora kitu. Nicolas alisimama akitafuta neno la baba, neno zito, na lililomjia ni kikohozi.

Wakateremka wote mpaka ufukweni, ambako pirogi ya injini ya watu wa Yanonge ilikuwa inapakiwa. Germaine alibeba kichwani sufuria kubwa ya marehemu mama yake, ile iliyopika kila harusi na kila matanga ya ukoo. Alikuwa ameisugua kwa mchanga na majivu mpaka inang'aa. Desturi inasema binti akifika kwenye maji anaomba kitu kimoja cha nyumba ya baba yake, na baba hakatai. Tangu ana miaka kumi Grâce alikuwa anaitaka sufuria hiyo, hata jirani wa mbali alijua. Ndani yake Germaine alikuwa ameweka zile katoni, kwa sababu muuza sigara ana meza yake palepale ufukweni, na alitaka kumuuzia kabla ya misa.

Octave alikohoa, akauliza kwa sauti ya sherehe: "Mutoto, unabeba nini ya papa yako?"

Grâce alipiga magoti mbele ya sufuria. Germaine alikuwa tayari anatabasamu na kulia. Binti akaingiza mikono, akatoa katoni mbili, akazipakata.

"Nabeba hii."

"Na sufuria?" Germaine aliuliza.

"Kitu ni moja, mama."

"Mutoto, niko nauzisha! Sasa hivi! Hazitarudi nyumbani!"

"Utauzisha kwa ile meza, na papa anapita pale kila siku. Atainunua tena moja moja." Grâce alisimama, akamgeukia baba yake, akanyoosha mkono. "Na ile iko mu koti, papa."

Wakwe walikuwa wanatazama. Octave alikuwa anatazama. Hata waliokuwa wanapakia mizigo walisimama na magunia mabegani. Nicolas aliona uso unawaka, akatamani kumwambia mtoto huyu kwamba baba haamriwi ufukweni mbele za watu. Alijua pia kwamba sufuria ile hataiomba tena, kwa kuwa desturi haina mara ya pili. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti, akampa.

René, aliyezizungukia siku tatu, alizipokea tena zile katoni mikononi mwake. Nephtali akavua miwani, akaifuta. "Bon," alisema. "Liste ilishaonjwa. Mutoto amechagua."

"Mu Décembre, papa," Grâce alisema, tayari mguu mmoja ndani ya pirogi. "Na miguu yako."

Nicolas aliinua mkono. Injini ikaunguruma, wanawake wakaimba, na pirogi ikashuka na maji kuelekea Yanonge mpaka kitenge cha Grâce kikawa doa tu.

Walirudi kwa mguu, Germaine mbele na sufuria tupu kichwani, Nicolas nyuma. Germaine hakunyamaza. Mutoto ameacha sufuria ya bibi yake. Mutoto atapikia bakwe mu kisufuria ya sokoni. Juu ya nini? Juu ya moshi. Juu ya moshi, papa Grâce! Watu waliokuwa wanaelekea misani waliwapisha. Nicolas alitembea akimsikiliza, na kila hatua aliikumbuka ile moja. Maana alfajiri, kabla ya kutoka chumbani, alikuwa ameingiza sigara moja kwenye kofia, katika mkunjo wa ndani, na briké kwenye mfuko wa suruali. Grâce alikuwa ameomba ya kwenye koti. Ya kofia hakuijua.

Alijiambia ataivuta juu ya mawe kesho, pamoja na Asumani, akae juu ya jiwe kama mtu. Alijiambia hii ni ya mwisho. Alijiambia mengi mpaka walipofika kwenye kona ya kanisa, na huko akaona mgongo wa mke wake na sufuria ile inayong'aa bure.

"Germaine. Simama."

Alisimama, akageuka, uso umevimba. Nicolas alivua kofia, akautoa ule mkunjo nje. Sigara ilikuwa imepinda kidogo lakini nzima. Alidhani atamtukana. Germaine akapinda magoti ili sufuria ishuke usawa wa mkono wake.

"Tia humu."

Akatia.

"Na briké."

Hakujua amejuaje. Akaitoa mfukoni, akaiangushia humo, nayo ikalia kwenye alumini.

"Tukifika nitaitupa mu choo," Germaine alisema, "na we utasimama pale uangalie."

"Nitaangalia."

Aliinuka na sufuria yake, wakaendelea. Nyumba bado ilikuwa mbali. Kwa kila hatua ya Germaine briké iligonga upande mmoja wa sufuria, kisha upande wa pili, na Nicolas alitembea nyuma akiisikia, njia nzima, na njia nzima alikuwa anaitaka ile sigara.